Sheria za Bao Zinapokutana: Maelezo ya Kula, Kutakata na Kutakatia

Kanuni za bao la Kiswahili si nyingi. Mtu mwenye akili huweza kuelezwa zote kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Walakini magomvi ya bao hayaishi, na mwenye kuyasikiliza kwa makini ataona jambo la ajabu kidogo. Katika baraza za vitongoji vya Dar es Salaam, kama vile Magomeni na Mwananyamala upande wa Kinondoni, au Tandika na Mtoni upande wa Temeke, ni mara chache ugomvi kuzuka kwa sababu mchezaji hajui kanuni. Aghlabu huzuka kwa sababu wachezaji wawili wanajua kanuni mbili, zote za kweli, nazo zimekutana katika shimo moja. Mmoja asema kuwa mwenye nyumba ana hiari ya kuisafirisha au kuilaza. Wa pili asema kuwa penye kuliwa sharti paliwe. Wote wawili wamesema haki, na kubishana kwao hakuwezi kwisha mpaka ijulikane kanuni ipi inaitangulia nyingine.

Wacheza karata wana neno zuri kwa jambo hili, nalo ni turufu. Karata ya turufu, hata ikiwa ndogo, huishinda karata kubwa ya jamii nyingine. Si kwamba ile kubwa imepoteza ukubwa wake. Ni kwamba hapo ilipo imekutana na kitu kinachoitangulia. Kanuni za bao nazo zina turufu zao. Tofauti ni kwamba katika karata turufu hutajwa waziwazi, na katika bao haitajwi, bali imefichwa ndani ya maneno ya mchezo wenyewe. Kusudi la maelezo haya ni kuonyesha utaratibu huo, na kuonyesha kuwa maneno kama takata, takatia, mtaji na kimbi hayawezi kufasiriwa sawasawa na mtu asiyejua utaratibu huo.

Jambo hili si la mchezo tu. Vitongoji vya Dar es Salaam vimekusanya watu wa Mrima, wa Rufiji, wa Kilwa, wa Lindi, wa Tanga na wa visiwani, na kila mmoja huleta barazani mafunzo aliyoyapata kwao. Tena bao lina sifa moja inayofanya kosa liwe zito. Kete hazina alama. Zamu moja huweza kupita katika mashimo mengi, kula mara kadhaa, na kuzunguka safu zote mbili za mchezaji. Mwelekeo ukikosewa katika mlo wa pili, na kosa likagunduliwa katika mlo wa tano, hakuna kitu juu ya bao kitakachosema kete zilikuwa wapi. Haki ya mchezo hukaa katika kumbukumbu za waliopo, na kumbukumbu hizo hazina msaada ikiwa hawakubaliani juu ya kanuni. Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Unguja na kutoa kitabu chake huko Leiden mwaka 1995, alikiita kwa jina lenye maana ya mipaka ya akili. Na hapana shaka kuwa zamu ndefu za namna hii ni mojawapo ya mambo yanayoifikisha akili ya mchezaji kwenye mipaka hiyo.

Bao na sehemu zake

Bao lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete zote pamoja ni 64. Kete za safu ya mbele ndizo zinazoweza kuliwa. Za nyuma haziliwi, lakini hazimwokoi mtu, kwa maana mchezaji ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu ameshindwa, hata kama nyuma ana kete 30.

Katika safu ya mbele mashimo ya namna tatu yana majina. Shimo la mwisho la kila upande huitwa kichwa. Kichwa pamoja na shimo linalokifuata huitwa kimbi. Basi kila mchezaji ana kimbi ya kulia yenye mashimo mawili na kimbi ya kushoto yenye mashimo mawili. Shimo la nne kutoka mkono wa kulia wa mchezaji, ambalo mafundi wa kuchonga hulifanya la mraba, ndilo nyumba. Ili maelezo yafuatayo yawe mepesi, mashimo ya safu ya mbele yatahesabiwa kutoka kushoto kwa mchezaji, la kwanza mpaka la nane. Kwa hesabu hiyo nyumba ni shimo la tano, na kimbi ni la kwanza na la pili, na la saba na la nane.

Mchezo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kunamua. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, na kete mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuliani mwa nyumba. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, na kila zamu hutiwa moja. Katika lugha ya kila siku kunamua ni kukitoa kitu kilichonaswa, na maana hiyo haiko mbali na mchezo, kwani kila kete itokayo mkononi hulitoa bao katika hali ya kukwama. Kete za mkononi zikiisha huanza sehemu ya pili, iitwayo mtaji. Neno hili ni la biashara: mtaji ni kitu mtu alicho nacho ambacho kwacho aweza kupata faida. Katika bao, mchezaji mwenye shimo linaloweza kula huambiwa kuwa ana mtaji, na asiye nalo hana mtaji, hata kama mashimo yake yamejaa.

Kula na kutakata

Zamu zote za bao ni za namna mbili tu: zamu ya kula na zamu ya kutakata. Kanuni ya kwanza ni kuwa mwenye kuweza kula hana ruhusa ya kutakata. Wakati wa kunamua, mchezaji anaweza kula ikiwa ana shimo la mbele lenye kete, na shimo la mwenzake linalolielekea nalo lina kete. Hutia kete yake katika shimo lake, hutwaa kete za mwenzake, na kuzisambaza moja moja katika mashimo yake mwenyewe kuanzia kichwani. Akiwa na milo kadhaa huchagua autakao. Lakini kuacha kula hawezi.

Hapa ndipo wageni wa mchezo hukosea kwanza. Tuseme mchezaji hana pa kula, naye anatakata. Hutia kete katika shimo lake lenye kete, huzitwaa zote, na kuzisambaza kulia au kushoto. Kete ya mwisho inaangukia katika shimo lenye kete, na ng'ambo yake shimo la mwenzake limejaa. Mgeni hunyosha mkono ale. Wazee humzuia, naye huuliza: je, si kanuni kwamba penye kuliwa sharti paliwe?

Jibu ni kuwa jina la zamu hufungwa tangu mwanzo. Zamu iliyoanza kwa kutakata ni ya kutakata mpaka mwisho wake, na ndani yake hapana kula. Kete ya mwisho ikianguka penye kete, mchezaji huzitwaa zile zake mwenyewe na kuendelea. Ikianguka patupu, amelala, na zamu imekwisha. Basi kanuni ya lazima ya kula inahusu kuianza zamu. Haihusu kila shimo ambalo zamu inapita. Neno lenyewe lasema hivyo. Kutakata ni kuwa safi, na mchezaji anayetakata ni yule ambaye mkono wake katika zamu hiyo haukuguswa na kete ya mwenzake.

Katika sehemu ya mtaji jambo hili huwa na ncha kali zaidi. Hapo hapana kete ya mkononi. Mchezaji hutwaa shimo lake moja lenye kete zaidi ya moja na kulisambaza. Ili zamu iwe ya kula, kete ya mwisho ya msambazo wa kwanza lazima iangukie mahali pa kula. Mchezaji hawezi kusema kuwa shimo lake halili sasa, lakini likiendelea mara mbili au tatu litafika penye mlo. Tena shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha mlo. Sababu yake yaonekana kwa hesabu: upande wa mchezaji una mashimo 16, na kete 15 hufika mpaka shimo la mwisho kabla ya lile zilikotoka. Kete ya kumi na sita ingerudi nyumbani kwake. Kwa hiyo shimo lililonona mno huwa si mtaji, na mchezaji mwenye kete nyingi kuliko mwenzake huweza kulazimika kutakata.

Kimbi na mwelekeo

Kanuni ya pili yenye kuleta ubishi ni ya mwelekeo. Kete zilizoliwa katika mlo wa kwanza wa kunamua husambazwa kutoka kichwa cha kulia au cha kushoto, kwa hiari ya mlaji. Baada ya hapo mwelekeo huo hudumu: aliyeanza kichwa cha kushoto akielekea kulia, kila alapo tena huanza kichwa cha kushoto. Hiyo ndiyo kanuni ya mwelekeo. Lakini iko kanuni nyingine, kwamba kinacholiwa penye kimbi husambazwa kutoka kichwa cha upande huo huo.

Mfano utafafanua. Mchezaji anatia kete katika shimo lake la tatu na kula kete saba zilizo mbele yake. Shimo la tatu si kimbi, basi ana hiari; anachagua kichwa cha kushoto. Kete saba zinafika mpaka shimo la saba. Shimo hilo lilikuwa na kete, na mbele yake mwenzake ana kete mbili. Lazima azile. Je, azianzie kushoto, kwa kuwa mwelekeo ulikuwa wa kulia, au azianzie kulia, kwa kuwa shimo la saba ni kimbi ya kulia?

Kimbi ndiyo turufu. Kete hizo mbili huanzia kichwa cha kulia: moja katika shimo la nane, moja katika la saba, na mwelekeo umegeuka. Kama kete zile za kwanza zingalikuwa nne, zikaishia shimo la nne na kukuta mlo, mwelekeo usingaligeuka, maana shimo la nne si kimbi, na mchezaji angalianza tena kushoto. Kwa ufupi, mahali huitangulia njia. Hata hiari ya mlo wa kwanza huondolewa na kimbi: anayeanza kwa kula penye kimbi ya kushoto hana uchaguzi, bali huanza kichwa cha kushoto. Wachezaji waliojifunza kanuni ya mwelekeo bila ya hii ya pili hucheza vizuri kwa muda mrefu, kwa kuwa milo mingi hutokea katikati ya bao. Kisha siku moja zamu ndefu hupita kimbi, na baraza hugawanyika.

Nyumba

Nyumba ndilo shimo lenye heshima, na kwa ajili hiyo ndilo lenye ubishi mwingi. Heshima yake wakati wa kunamua husimama maadamu ina kete sita au zaidi nayo haijapata kuvunjwa. Hali tatu zapasa kutenganishwa, kwa kuwa katika zote tatu kete ya mwisho imeangukia katika nyumba ya mchezaji mwenyewe, na katika kila moja hukumu ni mbali.

Hali ya kwanza: zamu ni ya kula, na shimo la mwenzake linaloielekea nyumba lina kete. Hapo mchezaji hula. Hana hiari ya kulala, wala nyumba yake haiguswi, maana zinazotwaliwa ni kete za mwenzake. Hapa ndipo penye jibu la wale wabishani wawili waliotajwa mwanzo: lazima ya kula huitangulia hiari ya nyumba.

Hali ya pili: zamu ni ya kula, lakini mbele ya nyumba ni patupu. Shimo jingine lolote lenye kete lingemlazimisha mchezaji kuzitwaa kete zake na kuendelea. Nyumba peke yake humpa hiari. Aweza kulala, zamu ikaisha na nyumba ikabaki. Au aweza kuisafirisha, yaani kuzitwaa kete zote na kuendelea nazo, na nyumba ikawa imevunjika. Uchaguzi huu ni mzito. Tuseme nyumba ilikuwa na kete sita na ile ya mwisho imeifanya saba, na mwelekeo ni wa kulia. Nyumba ikisafiri, kete tatu zitaangukia mashimo ya sita, ya saba na ya nane, na nne zitapinda kuingia safu ya nyuma ambako hazitaliwa. Mchezaji amezisalimisha kete nne, na pengine amepata mlo mpya. Lakini shimo la tano limebaki tupu, na heshima yake hairudi.

Hali ya tatu: zamu ni ya kutakata. Hapa hapana hiari kabisa. Kete ya mwisho ikifika katika nyumba yenye heshima, zamu hulala. Katika zamu ya namna hii nyumba haivunjwi. Hata pale ambapo nyumba ndiyo shimo pekee lenye kete katika safu ya mbele, na mchezaji hana budi kutakata kwayo, hutia kete yake humo kisha hutoa mbili tu na kuzisambaza, nyingine hubaki.

Msomaji ataona kuwa swali la kwanza la kuulizwa si juu ya nyumba, bali ni juu ya jina la zamu. Mwenye kujua kuwa zamu ni ya kula au ya kutakata amekwisha kujua nusu ya hukumu. Nusu ya pili iko ng'ambo, katika shimo la mwenzake.

Kutakatia

Kanuni iliyo ngumu kuliko zote ni ya kutakatia, nayo ni ya sehemu ya mtaji. Hutokea hivi. Mchezaji ametakata. Baada ya zamu yake, mwenzake hana pa kula. Naye mchezaji, zamu yake itakaporudi, ataweza kula shimo moja tu la mwenzake, si mawili. Shimo hilo limetakatiwa. Mwenzake hana ruhusa ya kuanza kutakata kwa shimo hilo ili kuziokoa kete zake. Na kete yake ya mwisho ikiangukia humo, hawezi kuzitwaa na kuendelea, bali hulala.

Nguvu ya kanuni hii hufahamika mtu akiifuata mpaka mwisho. Aliyetakatiwa hawezi kula, basi hawezi kugusa kete hata moja ya upande wa pili. Hawezi kulitoa kete shimo lililotakatiwa. Kwa hiyo zamu inaporudi, shimo litakalokula lipo vile vile, na shimo litakaloliwa bado lina kete. Mlo ni wa hakika. Kutakatia, basi, si kutishia. Atishiaye humwachia mwenzake nafasi ya kukimbia. Atakatiaye ameifunga nafasi hiyo.

Kanuni hii nayo ina mipaka mitatu. Shimo halitakatiwi ikiwa ni nyumba isiyovunjika. Wala ikiwa ndilo shimo pekee lenye kete katika safu ya mbele ya mwenzake. Wala ikiwa ndilo pekee katika safu hiyo lenye kete zaidi ya moja. Mipaka miwili ya mwisho ina maana moja. Anayetakata katika mtaji hulazimika kutumia safu ya mbele ikiwa humo mna shimo lenye kete mbili au zaidi, na shimo la kete moja halichezwi. Kama shimo la pekee la kuchezwa lingefungwa, mchezaji angefungiwa safu yake yote ya mbele. Kanuni inakusudia kumzuia asikimbie. Haikusudii kumzuia asicheze.

Kwa mwanafunzi wa lugha neno hili lina faida kubwa. Takata ni kitenzi kisicho na yambwa: mchezaji ametakata. Kiambishi cha kutendea huleta mtu wa pili katika habari, na katika Kiswahili mtu huyo mara nyingi ndiye apatwaye na jambo, kama vile mtu anyeshewavyo na mvua au afiwavyo na nduguye. Ndivyo ilivyo hapa. Tendo la mchezaji ni lile lile la kutakata. Lakini limempata mwenzake. Wengine hutumia takasa na takasia mahali pa takata na takatia. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Anayesema takasa amelitazama shimo: limefanywa safi kwa kuondolewa kete. Anayesema takata amemtazama mchezaji: amepita bila ya kula. Kanuni ni moja, lakini macho ni mawili.

Utaratibu wa kanuni

Yaliyoelezwa yaweza kukusanywa hivi. Lazima ya kula huitangulia hiari ya kutakata. Jina la zamu, likishafungwa mwanzoni, huitangulia nafasi yoyote ya kula itokeayo baadaye. Kimbi huutangulia mwelekeo. Kula huitangulia hiari ya nyumba, na kutakata huiondoa hiari hiyo. Kutakatia huutangulia uhuru wa kuchagua shimo, isipokuwa palipo na nyumba au palipobaki shimo moja tu la kuchezwa.

Mtu atakayeandika sheria za mashindano ya baraza mbili hana haja ya kuongeza kanuni mpya hata moja. Haja yake ni kuzipanga hizi kwa daraja, na kuwasomea wachezaji kabla kete ya kwanza haijatiwa. Naye mtunga kamusi asitosheke na kuandika kuwa kutakata ni namna ya kucheza bao. Kila kitenzi cha mchezo huu kingefaa kupewa mambo matatu: ni cha sehemu gani ya mchezo, ni cha lazima au cha hiari, na kinamzuia mchezaji nini. Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo lenye uzito, kwa kuwa wazee wa baraza hawamwelezi mwanafunzi neno takata mpaka siku anaponyosha mkono ale pasipo ruhusa, wakamshika mkono.